Nani alishika bisibisi?

Kuna kitu kinanikera kila mtu akianza kusimulia historia ya picha Kenya. Unatajiwa mpiga picha, unaonyeshwa picha, unaambiwa ilipigwa wapi na mwaka gani. Sawa. Lakini hiyo kamera ilikuwa chuma, springi na kitambaa. Iliingia vumbi, ilianguka, iliganda katikati ya kazi. Nani aliifungua?

Nauliza kwa sababu kamera za filamu zimerudi. Ukizunguka Westlands wikendi, kuanzia Sarit hadi Woodvale Grove, hukosi msee mmoja amening'iniza Pentax au Yashica kifuani kama mkufu. Sina ubaya na mtu, hata mimi nazipenda. Shida inaanza siku shata inakwama. Wengi hawajui hata waanzie wapi, basi kamera inapandishwa kwa rafu kando ya maua na inakuwa pambo la nyumba. Mashine iliyodumu miaka 40 inazikwa kwa sababu ya grisi iliyokauka.

Huo uoga wa kufungua kamera haukuanza na sisi. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak, bei dola 25, ikiwa tayari na filamu ya picha 100 ndani. Ukimaliza picha zako, hukuigusa. Uliirudisha kamera nzima kiwandani Rochester, New York, wakasafisha picha, wakaweka filamu nyingine kwa dola 10, wakakutumia tena. Tangazo lao lilikuwa wazi: wewe bonyeza, mengine tuachie sisi. Mwaka 1900 wakaleta Brownie, kisanduku cha dola 1, na picha ikawa kitu cha kila mtu. Na usidhani Eastman ni jina la mbali. Mwaka 1926 alikuja Kenya mwenyewe kwa safari ya uwindaji, na pesa zake zilisaidia kazi ya Martin na Osa Johnson, wale wanandoa walioishi kule Marsabit wakipiga picha na filamu za wanyama.

Sasa fikiria mpiga picha wa Lamu. Yeye angeirudisha kamera wapi? Hakuna Rochester ya Lamu. Chukua Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi hii mwenyewe, akaizungusha barabarani kwanza, halafu miaka ya 1960 akafungua Bakor Studio pale kisiwani. Pwani ni mahali pabaya sana kwa kamera, manze. Chumvi ya bahari inakula chuma, na unyevu unaotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Wapiga picha waliokuja baadaye wakasimamisha vibanda vyao karibu na feri ya Likoni walikuwa wanavuta hewa hiyo hiyo. Picha zao zimeandikwa kwenye vitabu vya wasomi na kuonyeshwa mbali. Jinsi kamera zilivyodumu kwenye hewa hiyo ni swali ambalo halipati hata ukurasa.

Au mchukue Mohamed Amin, aliyezaliwa Eastleigh mwaka 1943 na akaanza utotoni na Box Brownie. Ukifungua Brownie unakuta vitu vichache tu: springi, kibati chenye tundu, kioo. Ni shule nzuri ya kamera. Kila mtu anajua kazi yake ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, akatengenezewa mkono wa bandia na akarudi kazini na kamera. Kwangu mimi hiyo nayo ni historia ya picha. Mtu alikaa chini akawaza mkono wa bandia utashikaje kamera.

Tuingie ndani sasa. Nimetaja Pentax, na K1000 ndiyo naijua vizuri. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na betri yake ni ya kupimia mwanga tu. Shata yenyewe haihitaji umeme. Ndani kuna mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kwenda upande mmoja. La kwanza linafungua njia ya mwanga, la pili linafuata kuifunga. Ukiweka spidi ya sekunde 1/1000, la pili linaondoka mara moja, na mwanya kati yao unakuwa mwembamba sana. Grisi ya zamani ikiwa nzito, pazia moja linachelewa. La pili linamkuta mwenzake njiani, na picha yako inatoka na upande mmoja mweusi. Watu wakiona hivyo wanalaumu filamu, au duka lililosafisha.

Kupima ni bure. Toa filamu, fungua mgongo wa kamera, elekeza dirishani, bonyeza kwa spidi ya juu huku ukiangalia kwa nyuma. Ukiona mwanga upande mmoja na giza upande mwingine, umepata mgonjwa. Halafu weka sekunde 1 nzima na usikilize. Inafaa kulia zzzzz bila kukatika. Ikilia, inyamaze, iendelee, gia za spidi za chini zimeshikana.

Hizo gia ndizo zilizonipeleka kwa mzee mmoja wa saa upande wa River Road, ambaye sitamtaja. Meza yake ni ndogo kuliko trei ya chai. Nikamwekea kamera mbele, akaizungusha, akaibonyeza mara mbili karibu na sikio.

"Kijana, hii ni saa tu," akasema. "Tofauti ni kwamba ina jicho."

Na ni kweli kabisa. Kinachopunguza mwendo wa shata ni gurudumu la meno na kauma kanacholishika na kuliachilia, sawa na kile kinachofanya saa ya ukutani iseme tik tak. Ndiyo maana fundi wa saa anaweza kuielewa kamera bila kufundishwa na Pentax. Niliacha campus mwaka wa pili na hakuna darasa lililonifungua macho kama ile dakika, lakini hayo ni yangu.

Kazi yenyewe nilifanya nyumbani, kwa maelekezo yake. Unatoa bamba la chini. Angalia bisibisi yako: skrubu za Kijapani zina msalaba unaofanana na ule wa kawaida lakini pembe zake ni tofauti, ukilazimisha unazila kichwa. Kila skrubu inaingia kwa shimo lake kwenye trei ya mayai, kwa mpangilio wa kutoka. Piga picha kila hatua na simu. Kisha mafuta ya laita, tone dogo kwa ncha ya kijiti, kwenye gia peke yake. Yanayeyusha grisi nzee halafu yanapotea hewani. Usiguse mapazia nayo, na usijaribu mafuta ya taa, yanaacha utelezi. Dirisha liwe wazi na jiko limezimwa. Unabonyeza shata mara 50, mara 100, hadi sauti inakuwa moja. Kama kamera yako ina flashi ndani, usiifungue kabisa. Inahifadhi volti kama 300 hata ikiwa imezimwa, na hiyo si mambo ya kucheza nayo.

Mzee huyo hakunipa risiti wala hana mahali ameandika anachojua. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosambaza duniani kote lile jina la "sekta isiyo rasmi". Mafundi wakahesabiwa, wakawa sera. Walichokuwa wanajua vidole vyao hakikuhesabiwa. Ukienda Makavazi pale Moi Avenue utapata picha za nchi hii. Uliza daftari la fundi aliyefanya hizo picha ziwezekane uone utaletewa nini.

Kodak, kampuni iliyosema tuiachie mengine, ndiyo ambako Steve Sasson aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, na Januari 2012 ikaomba kinga ya kufilisika. Mzee bado anafungua meza yake kila asubuhi. Ana zaidi ya miaka 70, mikono imeanza kutetemeka kidogo, na hana mwanafunzi. Nilimwomba nimrekodi. Amesema nije Jumatatu asubuhi kabla wateja hawajajaa, na nije na kamera iliyoharibika kweli, si ya kuigiza.

Kwa hivyo natafuta moja. Na kama kwenu Nakuru, Kisumu au Mombasa kuna mzee au mama aliyewahi kufungua kamera, muulize alitumia nini kutoa skrubu iliyoganda, halafu uniandikie.