Papa Mweupe na Nyangumi Mwuaji

Tangu kale watu wa pwani humwogopa papa, nasi twawafundisha watoto ya kuwa papa mweupe ni mkali kupita samaki wengi. Neno hilo ni kweli kwa samaki. Walakini baharini yuko mshindani wake asiye samaki, nyangumi mwuaji, wa jamaa ya pomboo. Huyu hupumua kwa mapafu, ana damu ya moto, hunyonyesha, na watoto wake hujifunza kuwinda kwa mama zao. Mtoto wa papa azaliwapo hana mlezi.

Mwezi wa Oktoba 1997, penye visiwa vya Farallon karibu na San Francisco, watu waliokuwa chomboni walimwona nyangumi mwuaji akimwua papa mweupe. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilitupwa pwani ya Gansbaai, Afrika ya Kusini, imepasuliwa, maini hayamo. Papa waliosalia wakahama. Mwaka 2023, huko Mossel Bay, nyangumi mmoja peke yake alimwua papa mchanga kwa muda usiotimia dakika mbili.

Kwa nini ini? Kwa sababu lina mafuta tele. Mafuta hayo wazee wetu waliyajua: ndiyo sifa iliyopakwa vyomboni.

Basi tusomeshapo, tusimwite nyangumi samaki mkubwa. Tukifanya hivyo twamficha mtoto jambo lililo kubwa kuliko meno, yaani malezi ya mama na umoja wa jamaa.