Ushiriki wa jamii katika maadili ya utafiti wa afya

Ni utaratibu unaowapa wananchi wasio wataalamu sauti katika kupanga, kupitisha na kufuatilia tafiti zinazowahusu. Tanzania Bara, kibali cha kitaifa cha maadili hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Kibali pekee hakitoshi: mtafiti anayekwenda Msalato, kata ya Jiji la Dodoma, hujitambulisha kwa uongozi wa kata na mtaa, kisha huomba ridhaa ya kila mshiriki. Ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa haiwezi kamwe kuwa ridhaa ya mama ambaye mtoto wake anahusika katika utafiti.

Mkoani Dodoma, wilaya ya Kongwa ina historia ndefu ya tafiti za trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza. Jaribio lililochapishwa 1995 lilihusisha vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya macho, vitatu vikaongezewa kampeni shirikishi ya kunawisha watoto nyuso. Huko wanakijiji walikuwa watendaji. Lakini kusimamia maadili ya utafiti, badala ya kutekeleza kampeni tu, ni hatua kubwa zaidi. Kilifi, Kenya, imeikaribia: wawakilishi waliochaguliwa na wakazi hujadiliana na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) kuhusu tafiti zinazopangwa. Hata jamii inapokuwa na sauti hiyo, uamuzi wa mtu binafsi hubaki palepale: mshiriki yeyote wa utafiti anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu.