Chelezo: neno la kurudia ulipokuwa

"Nimesevu, mwalimu, wallahi nimesevu kila mara," kijana aliniapia. Tulikuwa chumba cha juu Mkunazini, dirisha wazi, feni inazunguka kivivu. Alikuwa akiunda programu ya simu ya kuwaonyesha wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani saa za maji kupwa, hasa siku za bamvua. Jana yake jedwali lilikuwa likisoma sawasawa. Usiku akabadilisha maktaba moja ya msimbo, akagusa na mafaili mengine manne, asubuhi programu haifunguki. Kusevu alisevu kweli. Alichokihifadhi ni kosa.

Kuhifadhi wengi wetu hapa Unguja tulifundishwa na umeme. Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, kwa hitilafu ya njia ya umeme unaotufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Aliyekuwa na kompyuta na jenereta alijizoeza kubonyeza kabla hajamaliza sentensi. Neno likatukaa kama kinga ya giza. Lakini faili likihifadhiwa, jipya hukalia kiti cha la zamani, wala haliulizi kama la zamani ndilo lililokuwa zima.

Muundaji programu anahitaji na kitu kingine: alama inayoshika hali ya mradi mzima kwa wakati mmoja, mafaili yote pamoja, ili akiharibu apate pa kurudi. Wengi hutumia Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux. Git haijali umebonyeza hifadhi mara ngapi. Hungoja useme "hapa", kisha huandika mradi ulivyo, jina lako, saa, na maneno machache ya kueleza ulichofanya. Vijana husema "nimekomiti". Sina ugomvi nao, ila sikio langu husikia kamati, nikataka kuuliza kikao kilikuwa wapi. Wengine husema chekipointi. Mtu akiifasiri hiyo neno kwa neno ikawa "kituo cha ukaguzi", mimi namwona askari wa barabarani anataka leseni.

Napendekeza chelezo. Mvuvi akitega dema hulifunga kamba, na juu ya kamba akaacha kitu chepesi kinachoelea, kipande cha mti au dumu tupu. Hicho ndicho chelezo, na jina lake limetoka hukohuko kwenye kuelea. Dema halionekani, bahari yote rangi moja, lakini kesho anajua pa kurudi.

Wapo wafasiri wa kompyuta waliokwisha kulivuta neno hili kwa maana ya nakala ya akiba, na naona wamelipotosha. Nakala ya akiba huwekwa mbali, kwenye diski nyingine au kwa jirani, kwa ajili ya siku kompyuta itakapoibiwa. Chelezo hukaa palepale penye kazi, kikionyesha mahali. Kompyuta yako ikidondoka baharini kutoka kwenye boti ya Pemba, na vyelezo vilikuwa humo tu, vimezama nayo.

Na jinsi neno lilivyo jepesi kutumika! Chelezo kimoja, vyelezo vitatu. Weka chelezo, rudi kwenye chelezo. Tendua libaki na kazi yake ya kurudi hatua moja moja, kama mshona kofia afumuapo uzi mmoja baada ya mwingine. Kurejesha ni kuruka mara moja mpaka penye chelezo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lililotoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, likikaa tena na istilahi za kompyuta, nawaomba walitazame neno hili kabla halijagandia kwenye maana ya nakala.

Yule kijana tulimwekea Git siku ileile. Jedwali ilimbidi aliandike upya, na likamla siku mbili. Chelezo chake cha kwanza alikiandikia hivi: "Maji ya Paje yanasoma sawa."