Budd RDC

Budd RDC ni behewa la abiria linalojiendesha kwa injini za dizeli, lililoundwa na kampuni ya Budd ya Philadelphia, Marekani, kati ya mwaka 1949 na 1962. Yalitengenezwa 398, mengi yakiwa ya Marekani na Kanada.

Muundo

Bodi ni ya chuma cha pua kisichopakwa rangi, urefu wake mita 26 hivi. Chini ya sakafu zimelala injini mbili za General Motors, kila moja yenye nguvu za farasi 275 (baadaye 300). Kila injini huzungusha ekseli moja tu, ya ndani ya bogi yake, kupitia giaboksi ya haidroliki iliyotokana na teknolojia ya vifaru vya jeshi. Rejeta zimewekwa juu ya paa, ndani ya nundu inayolitambulisha RDC hata kwa mbali. Breki ni za diski, na mwendo hufika kilomita 137 kwa saa. Kwa kuwa chumba cha dereva kipo kila upande, gari likifika mwisho wa njia halihitaji kugeuzwa. Yakiunganishwa kadhaa, dereva mmoja huyaendesha yote.

Aina

RDC-1 ilibeba abiria 90. RDC-2 ilitenga nafasi ya mizigo, RDC-3 ikaongeza chumba cha posta, na RDC-4, fupi kuliko nyingine, haikuwa na viti vya abiria. RDC-9 ilikuwa na injini moja, bila chumba cha dereva.

Matumizi

Baada ya Vita Kuu ya Pili abiria walihamia kwenye magari binafsi na ndege. Kuwasha kichwa kizima cha treni ili kivute mabehewa mawili yaliyo nusu tupu kukawa hasara tupu, na RDC ikaipunguza sana. Kampuni ya reli ya Boston and Maine ilinunua zaidi ya 100, ikakabidhi magari hayo karibu huduma yake yote ya abiria. Western Pacific iliyatumia kuanzia 1950 hadi 1960 katika safari ndefu ajabu ya takriban kilomita 1,490 kati ya Oakland na Salt Lake City, mara tatu kwa wiki. Baltimore and Ohio iliweka hata huduma ya chakula. Canadian Pacific iliyaita Dayliner.

Tarehe 22 Januari 1956, RDC mbili za kampuni ya reli ya Santa Fe zilipinduka kwenye kona huko Los Angeles kwa mwendo wa kasi kupita kiasi. Watu 30 walifariki.

Mwaka 1966 New York Central ilifunga injini mbili za ndege ya jeti juu ya RDC moja, ikafikia kilomita 295 hivi kwa saa. Jaribio hilo halikuzaa huduma yoyote.

Nje ya Marekani na Kanada

Magari hayo yalinunuliwa pia na Kuba, Brazili, Australia na Saudia.

Hali ya sasa

SPV-2000, gari la Budd lililokusudiwa kurithi nafasi ya RDC miaka ya 1970, liliharibika mara kwa mara na kuuzwa kwa uchache. Huko Boston, RDC zilizochakaa ziliondolewa injini, zikavutwa kama mabehewa ya kawaida. Nchini Kanada, kampuni ya reli ya VIA Rail imeendelea kutumia RDC kati ya Sudbury na White River, Ontario, ambako vituo kadhaa havifikiwi kwa barabara.