Mama Kijacho, Sehemu ya 4: Vipele vya Siku Tatu

Leo nawapa kisa cha kweli cha zamani.

Mwaka 1941, jijini Sydney, Australia, daktari wa macho Norman Gregg aliona ajabu. Analetewa vichanga wenye mtoto wa jicho, mmoja baada ya mwingine, na wengi moyo nao una kasoro. Enzi hizo kasoro kama hizi zilihesabiwa za kurithi. Sasa jamani, ukoo gani huo unaozaa mji mzima kwa mpigo?

Inasimuliwa kuwa aliwasikia kina mama wakiongea wakisubiri zamu yao: mimba ikiwa changa, walipata rubela. Vipele na homa kidogo, siku tatu kwisha. Gregg akaanza kuuliza kila mama. Kati ya watoto 78 aliowaandika, mama 68 walikuwa wameugua rubela.

Wapo madaktari waliotia shaka. Virusi vyenyewe vilipatikana maabara mwaka 1962. Kisha mlipuko wa Marekani wa 1964 na 1965 ukaacha watoto wapatao 20,000 wenye madhara: uziwi, macho, moyo.

Kwa nini? Mama aliyewahi kuugua au kuchanjwa ana kingamwili tayari. Asiyenazo, virusi huweza kupita kondo la nyuma kabla kinga yake haijajipanga. Mtoto naye baadaye hutengeneza kingamwili zake humo humo tumboni, ila viungo vimeshaguswa. Ndiyo maana kichanga hupimwa damu kutafuta kingamwili aina ya IgM. Ya mama haivuki kondo, kwa hiyo ikionekana, ni ya mtoto mwenyewe: aliambukizwa tumboni.

Chanjo ilianza kutumika Marekani mwaka 1969. Tanzania tuliianza 2014, Kenya 2016, pamoja na ya surua. Mwanao anachomwa akiwa na miezi 9, anarudia na miezi 18. Usiruke ile ya pili! Ukiwa mjamzito haichomwi, kwa hiyo kinga yako inatakiwa kabla ya mimba.

Na yule jirani aliyejifungua mtoto mwenye kasoro, msimwambie kalogwa wala kamcheka kilema. Ukipata vipele na homa una mimba, sema kliniki, hata kama vimeshapotea. Gregg alijua kwa sababu kina mama walisema, naye akasikiliza.

Maswali nitajibu nikitoka zamu.