Cherehani Adimu, Cherehani ya Wote

Wakabidhi mkusanyaji wa Birmingham na fundi wa Ifakara, bondeni Kilombero nchini Tanzania, cherehani moja, Singer nyeusi ya mkono iliyotengenezwa Uskoti kabla ya Vita Kuu ya Pili, kisha tazama kila mmoja anaanzia wapi. Wa kwanza huinama kusoma namba iliyogongwa kwenye kitako, maana herufi na tarakimu zile humpa kiwanda na mwaka. Akigundua kuwa ni mojawapo ya mamilioni, hamu yake hushuka. Wa pili hutafuta bobini. Ikiwa ya duara, sawa na ya Butterfly ya Kichina, bei inaanza kuzungumzwa. Ikiwa ndefu na nyembamba, imelazwa ndani ya chuma chenye umbo la risasi, fundi huirudisha mahali pake na kuuliza habari za safari.

Hakuna mjinga kati yao. Mmoja analipia kile ambacho wengine wamekikosa. Mwingine analipia kile ambacho wengine wote wanacho. Ladha ya mkusanyaji ina vitabu, vyama na makumbusho, ilhali ya fundi imehifadhiwa kichwani na vidoleni, na hufundishwa barazani kwa kijana anayejifunza kuvuta uzi.

Marekani, ukitaja cherehani ya kubebeka ya zamani, jina la kwanza utakalosikia ni Featherweight, yaani Singer 221, iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1933. Mwili wake ni wa aluminiamu, uzito wake kama kilo 5, mota yake imo pembeni, na ubao wake hukunjwa ili yote iingie katika kisanduku cheusi chenye mpini. Iliundwa hadi miaka ya 1960. Washonaji wa mablanketi ya viraka bado wanaipenda kwa ushonaji wake ulionyooka, na huenda nayo kwenye vikao vyao kama wengine waendavyo na ala ya muziki. Ikiwa safi, na sanduku lake halina harufu ya uvundo, huuzwa kwa mamia ya dola.

Ilete Ifakara, na inakuwa cherehani nzuri isiyo na ndugu. Ile iliyoundwa kwa soko la Marekani inataka volti 110, wakati soketi zetu zina 230. Bobini yake si ile ya Butterfly. Likivunjika jino moja la ndani, Kariakoo hawatakuwa nalo, na fundi hana anasa ya kungoja kifurushi kutoka ng'ambo huku sare za shule zimemlundikia. Fasihi ya wakusanyaji huisifu Featherweight kwa ukamilifu wake. Ukamilifu huohuo, mahali pengine, ni upweke.

Butterfly ya Shanghai ilichukua njia nyingine. Ilifuata umbo la Singer 15, mashine iliyoanza kuundwa karne ya 19 na kuigwa na viwanda vya nchi nyingi, kiasi kwamba sindano na bobini za Shanghai huingia katika Singer 15 ya Clydebank, Uskoti, bila kusukumwa. Bondeni Kilombero sifa hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu jiografia ya hapa haimbembelezi mtu. Kabla daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018, spea ya kwenda Mahenge au Malinyi ilisubiri kivuko pamoja na abiria, magunia na ng'ombe, na masika yakizidi hata kivuko kilikuwa cha mashaka. Atakayechagua cherehani katika mazingira hayo atachagua ile ambayo spea zake ziko kwa jirani.

Uchina ina historia nyingine na bonde hili, na inagusa maduka kuliko watu wanavyokumbuka. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ikipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, ililipiwa sehemu ya gharama zake za ndani kwa mauzo ya bidhaa za Kichina nchini Tanzania na Zambia. Yaani shati, beseni au birika alilonunua mtu dukani lilisaidia kulipa mishahara ya wajenzi wa reli. Sidai kwamba kila Butterfly ya bondeni ilikuja kwa mkondo huo. Ninachosema ni kwamba macho ya wanunuzi wa hapa yalizoea bidhaa za Shanghai mapema, na reli ikabaki. Treni ndogo iliyoitwa Kipisi ikawa soko linalotembea, likishusha na kupakia biashara kila kituo.

Huko Uchina kwenyewe, katika miaka hiyohiyo, cherehani ilikuwa miongoni mwa vitu vinne ambavyo vijana wa Kichina waliota kuwa navyo kabla ya kufunga ndoa: saa ya mkononi, baiskeli, cherehani na redio. Vitatu vya kwanza vinazunguka, cha nne kinatoa sauti, na kwa ufupi wakaviita hivyo. Kwetu pia cherehani imo katika sherehe za kumuaga binti, lakini maana imegeuka. Kule ilikuwa dalili kwamba nyumba mpya imetimia. Hapa wazazi humpa binti ili asiende mikono mitupu, awe na kipato kisichoombwa kwa mtu. Vyote viwili ni heshima. Binafsi naona hii ya pili ina busara iliyofichika, kwa kuwa inakiri mbele ya wageni wote kwamba ndoa inaweza kuyumba.

Hata sifa ya kubebeka haina maana moja. Featherweight ilibebeka ili ikae kabatini katika nyumba finyu ya mjini. Elna ya Geneva, iliyotoka mwaka 1940 ikiwa ya kijani kiasi cha kubandikwa jina la panzi, ilikwenda mbali zaidi: sanduku lake la chuma lilifunguka na kuwa meza. Nigeria, mafundi waitwao obioma hubeba cherehani begani mtaa kwa mtaa wakigonganisha mikasi ili wateja wasikie. Kilombero, kinachohama ni kaya. Msimu wa mpunga familia nyingi huacha nyumba ya kijijini na kwenda kuishi shambani, wakati mwingine mwendo mrefu ndani ya bonde, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe hadi mavuno. Cherehani ya mkono hufungwa nyuma ya baiskeli pamoja na sufuria. Ile ya kukanyaga, yenye miguu ya chuma cha kalibu, hubaki nyumbani. Kwa hiyo ya mkono, ambayo mjini huonwa kuwa ya mwanagenzi, shambani ndiyo bwana.

Kuhusu sura ya mashine, tofauti ni kali zaidi. Mkusanyaji huzilinda zile nakshi za dhahabu, wakati mwingine zenye picha ya Sphinx wa Misri, na huogopa sabuni kali. Fundi akiona kutu hupaka rangi. Ningependa kumtetea mkusanyaji hapa, kwani wapo wanaomcheka kwamba ananunua pambo. Kiwanda cha Singer kule Clydebank kilitoa cherehani zaidi ya milioni 1 mwaka 1913, na miaka miwili kabla, mwaka 1911, wafanyakazi wake wapatao 11,000 waligoma. Kilifungwa mwaka 1980. Mji uliopoteza kiwanda chake una haki ya kuweka mashine katika makumbusho na kukataza watu kuzigusa, maana ndani ya rangi ile nyeusi kuna mikono ya babu na bibi zao.

Kuna na tamaa ya tatu, isiyo ya fundi wala ya mkusanyaji. Aprili 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu, dutu ya kubuniwa yenye miujiza ya kila aina. Watu walisogeza simu za mkononi karibu na sindano kuzipima, na bei zilizotajwa zikafika riali 200,000. Polisi wakaingia kuchunguza. Mashine ikaacha kuwa chombo, ikawa ganda la kitu kingine, na yeyote aliyewahi kusikia habari za shilingi ya zamani yenye nguvu ataitambua hadithi hiyo mara moja.

Sasa tazama bidhaa inavyosafiri. Singer za kawaida ambazo mkusanyaji wa Uingereza hazitaki kwa wingi wake hukusanywa na mashirika kama Tools with a Mission la Ipswich, hukarabatiwa na watu wa kujitolea, kisha hupakiwa kwenye makontena kuja Afrika. Dharau ya upande mmoja ndiyo neema ya upande wa pili, na hakuna aliyedhulumiwa, mradi tu anayepakia ajue habari ya bobini ya duara.

Lakini ladha ya Kilombero nayo haijasimama. Umeme umeenea, na mafundi wa mjini Ifakara hufunga mota ubavuni mwa Butterfly, mkanda ukazunguka bila mguu kuchoka. Ya mkono inapungua bondeni, na kikipungua kitu madalali hukinusa. Familia yenye shamba ambako nguzo hazijafika, na yenye Singer 15 inayozunguka vizuri, nisingeishauri iuze bado.