Theluji Kitui: "siri" zilizofichwa ndani ya Wingdings

Leo tuanze na mchezo. Fungua Word, andika KITUI kwa herufi kubwa, halafu badilisha fonti iwe Wingdings. Utapata uso usiocheka wala kununa, kiganja kilichoinuliwa, chembe ya theluji, msalaba, na kiganja tena. Theluji, Kitui! Kule ambako watu huchimba mchanga wa mto wakitafuta maji.

Ngoja kwanza. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa Kivoi, kiongozi wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui: pembe mbili zilizofunikwa na kitu cheupe. Mwenzake Rebmann alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na kule London msomi Cooley alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Sasa soma picha upya: mgeni anainua mkono kusalimia, theluji, msalaba wa mmisionari, mkono wa kwaheri. Wingdings ilitoka na Windows 3.1 mwaka 1992. Nani aliwanong'oneza Microsoft habari za Krapf?

Hakuna. Hadithi nimeisuka mimi, na imenichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Picha ni za kweli, historia ni ya kweli, kilichoongezwa ni uzi wa kuziunganisha. MAKUENI nayo inatoa bomu, vidole viwili vya ushindi, uso, msalaba, kidole kinachoonyesha kushoto, fuvu na kiganja. Na wilaya ya Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka huohuo wa 1992! Mwenye nia mbaya hapo ana barua pepe nzima ya kutisha watu.

Ndivyo ilivyotokea New York. Mwaka 1992 watu waligundua kwamba NYC katika Wingdings ni fuvu, Nyota ya Daudi na dole gumba la kukubali. Gazeti la New York Post likaiandika kama ujumbe dhidi ya Wayahudi. Microsoft wakakana. Baada ya Septemba 11, 2001 ikaja barua pepe ya "Q33 NY": ndege, karatasi mbili zinazofanana na maghorofa, fuvu, nyota. Ilidai Q33 ni namba ya ndege iliyogonga majengo. Uongo mtupu, ndege hizo zilikuwa American 11 na United 175. Aliyetunga alichagua picha kwanza, ndipo akatafuta maana ya herufi.

Kiufundi mambo ni mepesi. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba: C ni 67, N ni 78, Y ni 89. Fonti ndiyo inayoamua namba 78 ichorwe vipi. Charles Bigelow na Kris Holmes walichora alama hizi kabla Microsoft hawajazinunua, na zilipangwa kwa makundi. Angalia: J, K, L ni nyuso tatu, X, Y, Z ni msalaba, Nyota ya Daudi, hilali na nyota. Y imeangukia kwenye nyota kwa sababu ya foleni tu. Maneno ya herufi tatu yako 17,576, kwa hivyo ni lazima baadhi yatishe. Ujumbe wa makusudi upo, lakini uko katika Webdings ya 1997: NYC ni jicho, moyo na jiji. Huo uliwekwa kwa hiari baada ya zogo.

Sasa jambo ambalo mimi linaniuma zaidi ya mafuvu. Kikamba kina irabu saba, na mbili huandikwa ĩ na ũ. Seti ya herufi ya Windows kwa lugha za Ulaya Magharibi haikuwa nazo. Wengine waliazima î na û za Kifaransa. Njia nyingine, iliyotumika kwa lugha nyingi zenye herufi za ziada, ni kuchakachua fonti: unachukua namba ya alama isiyotumika sana na kuchora ũ mahali pake. Ni ujanja uleule wa Wingdings! Ikipotea fonti hiyo, wimbo wa kanisa au historia ya ukoo inabaki alama za ajabu, na hapo kweli kuna ujumbe uliofichwa.

Ndiyo ile J pweke mwishoni mwa barua pepe. Outlook ilibadilisha :) kuwa J ya Wingdings, na asiyeonyeshwa fonti hiyo akaona J tupu.

Katika Unicode ĩ ni 0129 na ũ ni 0169, na mwaka 2014 toleo la 7.0 liliongeza picha za Wingdings zilizokuwa hazina namba zao. Andika Kĩtui kama Wakamba wanavyoandika na utabiri wangu unakatika, maana Wingdings haina ĩ.

Mwenye faili za zamani za Kikamba: kama ni î na û, "tafuta na ubadilishe" itamaliza kazi kwa dakika moja. Kama ni fonti iliyochakachuliwa, tafuta kwanza faili ya fonti yenyewe katika kompyuta iliyotumika, uinakili, kabla mtu hajaifomati.